Wema Mmoja wa Nyapara Matata

Kama gazeti la wiki jana lilifungiwa sukari dukani kabla hujalisoma, usiwe na wasiwasi. Misiba yangu husimulika kwa ufupi, na haina haraka ya kuisha.

Mimi ni Gichana, fundi cherehani wa hapa Kedowa. Mchana nashona suruali barazani, na kazi ikipungua naandika hadithi. Mwaka huu gazeti moja la Nairobi lilikubali kunichapisha kila wiki. Hadithi ilikuwa ya nyapara wa chai aitwaye Matata, mtu mwenye roho ngumu kama kwato. Akiona jani kuukuu moja kwenye kikapu cha mama mchumaji, anamwaga kikapu kizima matopeni. Mistari ya chai iliyo karibu na mizani anawapa wanaomletea kuku. Mwavuli wake haukingi mvua, kazi yake ni kudunga watu migongoni.

Matata sikumtoa hewani. Nilimkata kutoka kwa mzee Mosoti, nyapara wa shamba moja kubwa upande wa Kericho. Mzee Mosoti ndiye baba yake Bochaberi, na Bochaberi ndiye msichana ninayetaka kumwoa. Ndiyo, najua. Usinitazame hivyo.

Ajabu ni kwamba Mosoti aliipenda hadithi kuliko mtu yeyote. Kila Jumapili aliwasomea manyapara wenzake kwa sauti, huku akijifuta machozi ya kicheko.

"Huyu ni yule nyapara wa Sotik," aliwaambia. "Namjua kabisa."

Yule wa Sotik naye, nasikia, alikuwa akicheka na kusema huyo ni wa Nandi Hills. Mimi nikawa nala mkate wangu kwa amani.

Kisha Mhariri akapita Kericho akielekea Kisumu, akaniita hotelini.

"Gichana," alisema, "Matata wako ni mbaya tangu asubuhi hadi jioni. Mtu wa namna hiyo hayupo. Hata fisi hunyonyesha. Mtafutie wema mmoja, ama nitaifunga hadithi."

"Wema gani?"

"Wewe ndiye unamjua. Lakini usiniletee wema wa kanisani, wa kutoa sadaka watu wakiona. Nataka wema ambao yeye mwenyewe anauonea haya."

Nilizunguka siku nyingi nikitafuta wema wa Mosoti, kama mtu anayetafuta sindano kwenye vumbi la baraza. Mwishowe nilimwendea Bochaberi, nikambembeleza mpaka akaniambia jambo ambalo halijawahi kutoka nje ya nyumba yao.

Kila Ijumaa jua likikaribia kuzama, kabla Sabato haijaingia, Mosoti hufunga mlango wa chumba cha kulala, hupiga magoti, na kumwosha mkewe miguu kwa maji moto na chumvi. Mkewe, mama Nyambeki, amechuma chai tangu usichana, na umande umempasua visigino mpaka anatembea kwa shida. Bochaberi aliona mara moja alipokuwa mdogo, kupitia mwanya wa mlango. Hakumwambia mtu.

"Hiyo ni yako peke yako," aliniambia, ameshika mkono wangu.

Nikaapa. Kisha nikaiandika.

Msiniulize sasa kwa nini naianika mara ya pili. Safari hii nimepewa ruhusa, na aliyenipa mtamsikia mwenyewe kabla sijaweka kalamu chini.

Basi tuendelee.

Gazeti lilipofika Kedowa, Chepkemoi alikuwa wa kwanza kunijia. Yeye ndiye mwenye hoteli ya chai iliyopakana na baraza langu, na ndiye anayewasomea wateja wake.

"Chamge, fundi," alinisalimu kwa lugha ya kwao. "Umefanyia watu yangu nini? Chai imepoa kwa meza na hakuna mtu anakunywa."

"Wamekasirika?"

"Wanabishana. Huyu anasema Matata ni mnafiki. Yule anasema hapana, anaumia. Mama wengine wanalia. Mmoja amesema labda anadunga watu kwa sababu akiangalia hiyo miguu anachukia chai, na chai hawezi kupiga."

Nilisimamisha cherehani. Hilo la kuichukia chai sikuliandika. Yule mama alimwona Matata mahali ambapo mimi sikufika. Kwa wiki nyingi watu walikuwa wakimcheka tu. Leo walikuwa wakimzungumzia kama mtu wanayeweza kukutana naye njiani. Nilijisikia mkubwa, sitaki kuwaficha. Nilisimama, nikaketi, nikasimama tena, nikamshonea mteja mfuko upande wa nje.

Mchana akaja Obiero wa stesheni ya reli, uso umekunjamana.

"Fundi, wewe ni adui yangu," alisema. "Nimetoka kazi nakuta mke amekaa kwa kiti, miguu amenyoosha, karai iko hapo mbele. Nauliza hii ni nini. Anasema, uliza gazeti."

"Ukaosha?"

"Hiyo si swali ya kuuliza mtu barabarani," alisema, akaenda zake. Lakini mikono yake ilinukia sabuni.

Hiyo ndiyo siku nzuri ya mwisho niliyokuwa nayo.

Jumanne Bochaberi alishuka kwenye basi kabla sijafungua baraza. Hakunisalimu. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akaweka mikono mapajani.

"Tata hali chakula," alisema, akimaanisha baba yake.

"Mgonjwa?"

"Jumapili alikuwa anasomea wanaume gazeti yako, kama siku zote. Wanacheka. Akafika pahali ya maji. Akanyamaza. Wakamwambia, endelea mzee. Akasema miwani imekuwa mbaya. Akakunja gazeti akaja nyumbani."

Niliweka funguo za baraza chini.

"Unajua ile ukuta ya mezani?" aliendelea. "Alikuwa amebandika hadithi yako yote pale, wageni wakikuja acheke nao. Alisimama pale akaanza kusoma kutoka ya kwanza. Kuku. Mwavuli. Kikapu kumwagwa. Yote. Lakini hii mara hakucheka."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Hakuna mtu anayejitambua kwa ubaya wake. Ubaya tunaujua kuwa ni wa jirani. Ningeandika dhambi zote za Mosoti mpaka uzee wangu, angecheka tu na kumlaumu mtu wa Sotik. Ni wema mmoja uliomwonyesha uso wake. Na akishauona uso wake kwenye ule wema, ilimbidi arudi nyuma avae na ule ubaya wote, kwa sababu mtu ni yule yule mmoja.

"Amekuuliza kitu?" nilisema.

"Aniulize nini? Anajua si mama alisema. Ananiangalia tu kama mtu hanijui." Macho yake yalijaa. "Nilikuambia ni yako peke yako, Gichana."

"Nilibadilisha jina."

"Ulibadilisha jina ya nani? Miguu ya mama yangu ulibadilisha?"

Hapo niwaeleze wasomaji wasiotoka kwetu Kisii. Sisi tuna ensoni, ile haya inayokaa kati ya mtu na wazazi wa mkewe. Mkwe haingii chumba cha mkwe. Hakai kwenye kitanda chake, hatazami mahali anapolala, na mama mkwe hupishana naye kwa mbali. Tangu utotoni nimeishi hivyo bila kufundishwa. Kama ungeniambia niingie chumbani kwa mzee Mosoti kwa miguu yangu, ningekimbia mpaka Kipkelion. Lakini kwa kalamu niliingia, nikaketi, nikamtazama amepiga magoti, nikaitazama na miguu ya mama mkwe wangu, halafu nikaiita Kenya nzima ije ichungulie. Nilidhani nikibadilisha jina nimebadilisha na mlango.

Mjinga mwingine wa namna hii sijui kama yuko.

"Na mazungumzo ya Jumapili?" niliuliza. Jumapili hiyo ndiyo wazee wangu walikuwa waende kumwomba Mosoti binti. Jambo lilikuwa limepangwa tangu Pasaka.

"Amesema kwanza atakuona," alisema Bochaberi. Akaondoka bila kunywa chai.

Mosoti alinijia Jumatano. Hakuja peke yake. Alikuja na mzee Nyakundi, mshenga wangu mwenyewe, yule aliyekuwa akipeleka maneno kati ya nyumba yangu na ya Mosoti. Walisimama barazani. Mosoti alikuwa na mwavuli wake, na hakunitazama hata kidogo. Alitazama reli ng'ambo ya barabara.

"Nyakundi," alisema, "mwambie huyo kijana niko na maneno."

Nyakundi alinigeukia, nami nilikuwa karibu naye kiasi cha kumgusa. "Anasema ako na maneno."

"Nimesikia, mzee."

"Amesikia," Nyakundi akamwambia Mosoti.

Chepkemoi alitoka na kitambaa akaanza kufuta meza ambayo ilikuwa safi.

"Mwambie," alisema Mosoti, "mambo ya kuku ni kweli. Mambo ya mwavuli ni kweli. Na mwaka kesho itakuwa kweli tena, kwa sababu bila mwavuli hao watu watalala kwa mistari. Hiyo ni kazi ya nyapara. Watu wakijua, wajue. Hiyo yote namwachia."

Nyakundi alifungua mdomo anipelekee, lakini Mosoti hakumngoja.

"Lakini muulize, kwa chumba yangu aliingia kufanya nini?"

Swali hilo Nyakundi hakuliwasilisha. Alitazama viatu vyake. Nami nilitazama viatu vyangu, tukawa mzee mmoja na kijana mmoja tunaochunguza viatu kwenye baraza la fundi. Nilitamani anidunge kwa ule mwavuli. Kudungwa kungekuwa kwepesi.

"Atoe hiyo maji," alisema Mosoti hatimaye. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Sehemu itakayofuata aandike ilikuwa ndoto. Nyapara alilala, akaota. Jumapili alete hiyo karatasi nyumbani, isomwe mbele ya wazee kabla haijaenda Nairobi. Akitoa maji, tutaongea maneno ya msichana. Asipotoa, abaki na gazeti yake. Aioe hiyo."

Akafungua mwavuli ingawa mvua ilikuwa haijaanza, akashuka barazani.

Nyakundi alibaki nyuma kidogo. "Mura, kijana wangu," aliniambia, "andika ndoto. Ni karatasi tu. Mke utakaa naye miaka."

Maneno ya hekima hayo, na mimi nilikuwa tayari kuyafuata. Msidhani mimi ni shujaa wa kalamu. Nampenda Bochaberi. Nilimpenda kabla sijaandika neno moja, siku alipoleta gauni la shule la mdogo wake nilipunguze, akanisimamia mpaka nikalipunguza sawasawa. Kama kumpata kulitaka Matata aote, basi Matata angeota.

Niliandika ndoto Alhamisi nzima. Niliandika nikachana. Nikatembea mpaka stesheni nikarudi. Mvua ya mawe ikanyesha ikapita. Mteja mmoja alikuja kuchukua koti lake akakuta halina mikono, akaondoka akinitukana, na alikuwa na haki yake. Mwishowe ndoto ikakamilika: Matata anaamka, anajipangusa jasho, anasema, "Kumbe nilikuwa naota," anachukua mwavuli, anaenda kudunga watu.

Nikamsomea Chepkemoi.

Alisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni. "Huyu ni nani?" aliniuliza.

"Ni Matata."

"Hapana. Ile wiki ingine nilikuwa namjua. Ningemwona kwa soko ningesema, ndiye yule. Huyu simjui." Akarudi jikoni kwake, kisha akachungulia tena. "Na kama yeye aliota, wale mama walilia kwa hoteli yangu walikuwa wanalilia nini?"

Niliikunja ile ndoto nikaitia mfukoni.

Jumamosi baada ya ibada Bochaberi alikuja tena, bado amevaa nguo za kanisani. Safari hii alinisalimu, na salamu yake ilinitisha kuliko ule ukimya wa Jumanne.

"Jana ilikuwa Ijumaa," alisema.

"Najua."

"Mama alichemsha maji, akaweka chumvi, akaingia chumba. Tata akachukua koti, akatoka nje, akakaa na wanaume pale kona ya kambi ya wachumaji mpaka giza. Mama alingoja. Maji ikapoa. Akaenda kuimwaga kwa sukuma wiki."

"Hakusema kitu?"

"Aseme nini? Leo kanisani ameenda na slipa, viatu haziingii."

Nilishika kichwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira ya Mosoti. Miguu ya mama Nyambeki sikuwa nimeifikiria, mimi niliyeiandika.

"Niko na ndoto hapa," nilisema, nikagusa mfuko. "Baba yako aliniambia niandike ndoto. Kesho nikiisoma, atatulia. Labda Ijumaa ijayo atarudi kuosha."

"Hatarudi." Alisema polepole, kama anayemfundisha mtoto. "Nisikilize. Mama yangu amefanya kazi kwa huyo mzee na kwa hiyo chai miaka yote. Watu wanamuita bibi ya nyapara, wanamchukia bure. Hiyo maji ndiyo kitu moja alikuwa nayo. Sasa bwana yake anaikana na mwili. Na wewe utaikana kwa gazeti, useme ni ndoto. Kwa hivyo mama alikuwa anaota?"

"Bochaberi, nikiacha maji baba yako atanifukuza."

"Na ukiandika ndoto, kesho usikuje. Sitaki bwana mwenye anaweza kufanya mama yangu aonekane muongo."

Akaenda kungoja basi. Sikumfuata. Ningemfuata nikamwambie nini? Nikiyatoa maji namkosa binti, nikiyaacha baba ananifungia mlango. Wazee wangu walikuwa wamekwisha kununua kofia mpya za safari.

Nilikaa kwenye kiti cha wateja, nikaitoa ile ndoto, nikaisoma tena. Ilikuwa mbaya kuliko nilivyokumbuka. Nikakumbuka lile agizo la Mhariri, la mtu na wema anaouonea haya. Nilikuwa nimempa Matata wema. Haya sikumpa. Nilimpigisha magoti na kumwinua bila kufikiria angefanya nini siku watu wakijua.

Na jibu nilikuwa nalo. Bochaberi ameniletea sasa hivi. Mtu wa namna hiyo akijulikana, anachukua koti anakwenda kukaa na wanaume wenzake mpaka maji yapoe.

Nikaandika kabla ya chakula cha jioni, bila kuchana hata karatasi moja. Ndoto sikuitia. Wala sikumpigisha Matata magoti tena. Nilipomaliza nilijua kwamba nimemrudisha Matata. Kama Mosoti angemkubali, hilo sikulijua.

Jumapili tulifika kwa Mosoti mimi, Nyakundi, na wajomba wangu wenye kofia mpya. Nyumba ya nyapara ina sebule kubwa kuliko zile nyingine za kambini, na ilikuwa imejaa. Mosoti alikaa kwenye kiti chake, nduguye Mokaya karibu naye, na wazee wengine wa kwao kwenye mabenchi. Kutoka jikoni ilikuja harufu ya kuku, lakini hakuna aliyekaribishwa mezani. Nyuma ya pazia la maua, upande wa chumba cha kulala, nilisikia mtu akisogea. Nilijua ni mama Nyambeki, nikageuza macho upesi.

"Nyakundi," alisema Mosoti, "mwambie asome."

Nikasimama, nikasoma. Mwanzo ulikuwa wa kawaida, mvua na mistari ya chai. Wazee walitikisa vichwa kwa kukubali. Kisha nikafika mahali penyewe:

"Manyapara wenzake walimzunguka Matata karibu na mizani. 'Tumesikia unaosha miguu ya mke,' mmoja alisema. 'Mimi?' Matata akauliza. 'Mimi nishike miguu ya mwanamke? Nani amewadanganya? Ni porojo za watu wavivu.' Wote wakacheka. Mkewe alikuwa akipita nyuma yao na kikapu chake. Alisikia. Matata aliona kwamba amesikia, naye akacheka kwa nguvu kuliko wote."

Nikakunja karatasi.

Mokaya alimtazama ndugu yake, kisha akatazama dari. Nyakundi alikuwa amefumba macho kama mtu anayeombea safari. Mimi nilimtazama Mosoti, na nilikuwa nangoja aseme, mtoeni nje.

Mosoti alikuwa ameinama. Alipoinua uso, alinitazama mimi. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kunijua kama mkwe, alinisemesha bila kupitia kwa mtu.

"Halafu?"

"Imeishia hapo, mzee."

"Huyo mama amesikia."

"Amesikia."

"Akasema nini?"

Niliifungua tena karatasi, kana kwamba jibu lingekuwa limejiandika lenyewe. Halikuwepo. Halikuwepo hapo, na halikuwepo katika sehemu yoyote ya hadithi nzima. Matata nilimjua mpaka kucha. Mkewe nilikuwa nimempa kikapu, nikampa visigino vilivyopasuka, nikampa karai. Neno la kusema sikuwahi kumpa. Jina pia sikumpa. Nimekuwa nikijivuna kote Kedowa kwamba nimeunda watu, na nilikuwa nimeunda mtu mmoja na jozi ya miguu.

"Sijui, mzee," nilisema.

"Si wewe unaandika?"

"Mimi. Lakini sijui angesema nini."

Nilitarajia ghadhabu. Badala yake mabega yake yalilegea, na nikaona kwamba hakuwa ameniuliza kunijaribu. Alitaka kujua. Alikuwa amengoja wiki nzima mtu amwambie.

"Hata mimi sijui," alisema.

Ndipo pete za pazia zikalia.

"Mura," Nyakundi alinong'ona kwa haraka, ameninyakua bega, "geuka. Geuka ukutani."

Niligeuka. Mama mkwe akipita sebuleni hatumtazami, na mimi nilikwisha kumtazama vya kutosha kwa maisha yangu yote. Pua yangu ilikuwa shibri moja kutoka kwenye chokaa. Nyuma yangu nikasikia slipa zikiburuzwa, moja nzito kuliko nyingine, zikitoka chumbani, zikipita mbele ya mabenchi, zikisimama katikati ya wazee wote. Kisha chuma kikawekwa sakafuni na maji yakachezacheza ndani yake. Mvuke wenye chumvi ulifika mpaka puani mwangu.

Sauti ya mama Nyambeki sikuwa nimewahi kuisikia. Ilikuwa ya chini, na haikuwa na haraka.

"Nyakundi, mwambie huyo kijana asigeuke," alisema. "Lakini masikio afungue. Na mwambie kama anataka maneno ya mimi, aandike yenye atasikia hapa, asitafute ingine."

Nyakundi alishindwa kuniambia. Haikuhitajika.

Kiti kikalia kwa uzito wa mtu anayeketi.

"Mosoti," alisema. Hakumwita mzee, hakumwita baba Bochaberi. Mbele ya ndugu zake na wageni wake alimwita kwa jina lake. "Maji ni moto."

Kiti kingine kikalia, upande ule wa Mosoti. Alikuwa amesimama. Kutoka pale alipokuwa, mlango wa nje ulikuwa karibu, na karai lilikuwa karibu zaidi. Mokaya alivuta pumzi. Jikoni mtu aliangusha kijiko, nikajua ni Bochaberi amefika mlangoni naye anaona kile nisichoruhusiwa kuona.

Nilisimama na uso wangu ukutani, masikio wazi kama nilivyoamriwa, nikingoja. Mlango sikuusikia ukifunguliwa. Maji nayo sikuyasikia; Mosoti alikuwa bado hajachagua.